Bima ya Maisha si Hirizi: Mwalimu na Apige Hesabu

Neno bima halikuzaliwa katika pwani yetu. Lililetwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi, nao waliliazima kwa Waajemi, ambao kwao shina bim lina maana ya hofu. Asili hiyo yafaa ikumbukwe. Mwenye kukata bima ni mtu aliyeikubali hofu yake, akaipima, akaitia bei, kisha akajiunga na maelfu ya wenziwe wenye hofu kama hiyo ili waibebe pamoja. Katika hatua hizo zote, kupima ndiko kunakorukwa aghalabu, na ndiko ninakotaka kukuzungumzia leo.

Katika vyumba vya walimu vya Lodwar na Kakuma, kama kwingineko nchini, utayakuta makundi mawili. La kwanza ni la wale wasiotaka kabisa kusikia habari za bima ya maisha. Husema kwamba kukitaja kifo ni kukiita, na kwamba ya kesho ayajuaye ni Mungu. La pili ni la wale waliotia saini fomu ya kwanza waliyoletewa na wakala, na tangu siku hiyo wakalala usingizi wa pono, wakiamini kwamba watoto wao wamekwisha kingwa. Makundi haya yaonekana kupingana, lakini yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyekaa akajiuliza, "Nikifa leo, ni shilingi ngapi zitakazohitajika nyumbani, na kwa miaka mingapi?"

Pengine lugha yenyewe imechangia. Tunasema "bima ya maisha" kana kwamba maisha ndiyo yanayolindwa. Hirizi ndiyo inayosemekana kulinda maisha. Bima haina uwezo huo. Inachokifanya ni kuziba pengo la pato la mtu pindi mtu huyo anapoondoka. Tukilielewa jambo hilo, swali la kwanza halitakuwa "nina thamani gani?" bali "ni nani anayekula kwa jasho langu?" Mwanafunzi wa chuo asiye na mke wala mtoto, asiyemtunza mzazi wala kudaiwa na mtu, hana pengo la kuziba. Fedha zake na zielekee kwenye akiba. Lakini mwalimu yule yule, akishaoa na kupata watoto watatu, na mama yake mzee akimtegemea, huwa amesimamisha nyumba juu ya nguzo moja.

Si jambo geni kwa watu wa kalamu kuliwaza hili. Bima ya aina hii ilipoanza kuendeshwa kwa hesabu za kweli, miongoni mwa wa kwanza kufaidika walikuwa wahubiri na wahadhiri. Mwaka 1693 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Edmond Halley, alitumia kumbukumbu za vizazi na vifo za mji wa Breslau kukadiria ni watu wangapi wa kila umri wangefariki katika mwaka. Mwaka 1744 makasisi wa Scotland, wakiongozwa na Robert Wallace na Alexander Webster, walianzisha hazina ya wajane na mayatima wao kwa kufuata hesabu kama hizo, na walimu wa vyuo vikuu vya huko wakajumuishwa. Mwalimu, basi, asiione bima kuwa biashara ya matajiri wa Nairobi.

Sasa tupime. Njia nyepesi inayotajwa mara kwa mara ni kuzidisha pato la mwaka kwa kumi. Ni rahisi kukumbuka, lakini ni kama kushona sare ya shule bila kumpima mtoto. Mwalimu wa pato hilo hilo mwenye mtoto mmoja wa miaka 17 na yule mwenye wanne wa chini ya miaka 10 hawawezi kuhitaji kiasi kimoja. Njia ya pili ni ile iliyoenezwa na Profesa Solomon Huebner wa Marekani katika miaka ya 1920: hesabu pato lote ambalo mtu angelileta nyumbani hadi kustaafu, utoe anachokitumia yeye mwenyewe. Njia hiyo hutuonyesha ukubwa wa hasara, ila haituambii familia itatumia nini. Njia ya tatu, ambayo naipendekeza, huanza na mahitaji yenyewe: orodhesha kila kitakachohitajika, toa kila kilichopo, na kinachobaki ndicho kiasi cha bima.

Tumchukue mwalimu wa kuwazia tu. Anafundisha shule ya msingi mjini Lodwar. Mshahara wake wa msingi ni Sh43,000 kwa mwezi, na baada ya marupurupu kuongezwa na makato kuondolewa, ukiwemo mkopo wa Sacco, hubakiwa na Sh40,000. Ana mke mwenye duka dogo linaloingiza faida ya Sh10,000 kwa mwezi. Watoto wao wana umri wa miaka 4, 9 na 13. Mama yake anaishi upande wa Kakuma, umbali wa takriban kilomita 120, naye humtumia Sh5,000 kila mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano. Msomaji na aweke zake.

Fungu la kwanza ni la mambo ya papo hapo. Mgonjwa wa Turkana akizidiwa aghalabu hupelekwa Eldoret, mamia ya kilomita kutoka kwao, na akifia huko, kumrudisha na kumzika huwa gharama kubwa. Tuseme Sh150,000. Deni la Sacco lililobaki ni Sh300,000. Tuongeze Sh100,000 za kuisukuma familia kwa miezi ya mwanzo wakati nyaraka zinapofuatiliwa. Jumla ni Sh550,000.

Fungu la pili ni riziki ya kila siku. Nyumba hiyo, mwalimu mwenyewe akiondolewa, hutumia Sh22,000 kwa mwezi: kodi, chakula, maji, makaa. Mke huleta Sh10,000, kwa hiyo pengo ni Sh12,000 kwa mwezi, au Sh144,000 kwa mwaka. Mtoto mdogo atafikisha miaka 22 baada ya miaka 18. Zidisha, utapata Sh2,592,000. Mama mzazi naye tumwekee miaka 10 ya Sh60,000 kila mwaka, yaani Sh600,000.

Fungu la tatu ni elimu. Kwa miaka kadhaa karo ya juu iliyoidhinishwa na Serikali kwa shule za bweni za kitaifa ilikuwa Sh53,554 kwa mwaka. Kila mzazi anajua kwamba godoro, sare na nauli haviko katika kiasi hicho. Tukadirie Sh75,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu ya sekondari ya juu, kwa watoto watatu: Sh675,000. Chuo nacho, Sh100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu kwa kila mtoto, ni Sh900,000. Elimu yote, basi, itahitaji Sh1,575,000.

Jumlisha mafungu hayo: Sh5,317,000. Najua wapo watakaoguna hapa na kulikunja gazeti. Wasikate tamaa, kwa maana tumetaja upande mmoja tu wa daftari.

Upande wa pili ni vilivyopo. Tangu Januari 2021 walimu na watumishi wengine wa umma waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya wa malipo ya uzeeni wa kuchangia, na waliotimiza umri huo wakapewa hiari. Sheria ya mpango huo, iliyotungwa mwaka 2012, inamtaka mwajiri amwekee kila mwanachama bima ya maisha isiyopungua mara 5 ya mshahara wake wa mwaka unaohesabiwa katika malipo ya uzeeni. Mshahara wa msingi wa mwalimu wetu kwa mwaka ni Sh516,000. Mara 5 ni Sh2,580,000. Ni walimu wangapi wanaolijua hilo? Tuongeze michango iliyokusanyika katika mpango huo, tuseme Sh400,000, na hisa za Sacco, Sh200,000. Aidha, Sacco nyingi hukatia mikopo yake bima, hivyo mkopaji akifariki deni hufutwa. Kama Sacco yake ni miongoni mwa hizo, zile Sh300,000 za deni nazo ziingie upande huu. Jumla ya vilivyopo ni Sh3,480,000.

Toa sasa. Sh5,317,000 ukiondoa Sh3,480,000 zabaki Sh1,837,000. Kiasi kinachokosekana si milioni tano, wala si sifuri. Ni takriban milioni moja na laki nane, na hicho ndicho anachopaswa kukitafutia bima ya ziada. Katika hesabu hii nimechukulia kwamba faida ya fedha zitakapowekezwa italingana na kupanda kwa bei. Anayehofu kwamba bei zitaishinda faida na aongeze kidogo. La muhimu ni kwamba hesabu irudiwe kila baada ya miaka michache: mtoto akizaliwa, pengo hupanuka, mkopo ukiisha au kitinda mimba akihitimu, hupungua.

Msomaji wa Turkana ataniuliza: mbona mbuzi hawamo? Mwalimu wetu ana mbuzi thelathini katika awi ya ndugu zake, yaani boma la ukoo, na mali ya mfugaji ndiyo bima yake ya jadi. Ni swali la haki. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mifugo ya familia za Wajie na Waturkana, alieleza jinsi mfugaji wa Turkana alivyokuwa na mtandao wa ndugu, wakwe na marafiki wa kupeana mifugo, ambao wangemwinua alipoanguka. Huo ni mfumo wa bima uliokamilika, usio na fomu wala wakala.

Hata hivyo una udhaifu mmoja. Ukame haumchagui mtu. Ukame wa miaka ya 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar, ulizifagia zizi za mtu na za rafiki yake kwa pamoja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo. Katika nyakati kama hizo anayeombwa na anayeomba wote hawana kitu. Ubora wa bima ya kampuni ni kwamba waliochangia pamoja nawe wako Kisumu, Mombasa na Nyeri, mahali ambapo mvua hainyimwi siku moja na Lodwar. Serikali yenyewe ilitambua jambo hilo mwaka 2015 ilipoanzisha bima ya mifugo katika Turkana na Wajir, ambamo hali ya malisho hupimwa kwa setilaiti na fidia hulipwa majani yanapokauka. Lakini bima hiyo ni ya uhai wa mifugo, na mwenye mifugo akifa yeye, hailipi.

Kuna sababu nyingine ya kuwaacha mbuzi nje ya hesabu, nayo ni ya kisheria. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipoanza kutumika mwaka 1981, iliiweka Turkana miongoni mwa wilaya ambazo mifugo ya mtu aliyekufa bila wasia ingegawanywa kwa kufuata mila. Mjane, kwa hiyo, hana hakika ya kuwashika mbuzi hao na kuwauza ili alipe karo. Fedha za bima hufuata jina lililoandikwa katika fomu. Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo limeziumiza familia nyingi: fomu ilijazwa ujanani, jina la mnufaika likawa la kaka au la mchumba aliyekwisha olewa kwingine, na haikubadilishwa tena. Mwenye wake wawili naye hana budi kupiga hesabu ya kila nyumba mbali mbali na kuandika majina na mafungu waziwazi, la sivyo atawaachia watoto wake kesi badala ya chakula.

Tusimsahau mama wa nyumbani. Katika hesabu zetu tumemhesabu mke kwa faida ya duka peke yake. Hebu tujiulize: akifariki yeye, nani atateka maji, atapika, atamwuguza mtoto na kumpeleka shule? Kazi hizo zitamlazimu mume aajiri mtu, au amwondoe binti shuleni. Mara nyingi hilo la pili ndilo hutokea. Kwa hiyo kifo cha mama nacho kina bei, hata kama hakuwa na mshahara, na ni lazima kiwe na mstari wake katika daftari.

Twende sasa Kakuma, ambako hesabu hubadilika. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na humo walimu wengi ni wakimbizi wenyewe. Mkimbizi anayefundisha hulipwa posho ya motisha iliyo ndogo kuliko mshahara wa mwenzake Mkenya, na hayumo katika mpango wa malipo ya uzeeni wa watumishi wa umma. Ile milioni mbili na nusu ya mwajiri, iliyomwokoa mwalimu wetu wa Lodwar, kwake ni sifuri. Hali hiyo hiyo inamkabili Mkenya aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba, au na shule ya binafsi isiyo na mpango wowote. Wenye uhitaji mkubwa kuliko wote ndio wenye kinga ndogo kuliko wote.

Hao nao wafanye nini? Nasema: hesabu ni ile ile, ila ianze na fungu la kwanza. Waethiopia wana desturi yao ya iddir, chama cha maziko ambacho kila mwanachama hukichangia kila mwezi. Wasomali wana ayuuto, mzunguko wa kupeana fedha. Vyama hivyo vyaweza kulibeba fungu la maziko na miezi ya mwanzo, na ndivyo vimelibeba kwa vizazi. Haviwezi kumsomesha mtoto miaka kumi na miwili. Hapo bima ya pamoja, inayokatwa na kikundi au na shirika lililowaajiri, huwa nafuu kuliko ya mtu mmoja mmoja. Kwa Mwislamu anayeona shaka juu ya riba, upo utaratibu wa takafuli, ambao umekuwako Kenya tangu mwaka 2011. Na mashirika yanayowaajiri walimu wakimbizi hayana budi kuulizwa waziwazi: mwalimu huyu akifa darasani, wanawe watakula nini?

Nirejee kwa lile kundi la pili, la waliotia saini bila kupima. Aghalabu walichouziwa ni bima ya elimu, ambayo kwa kweli ni akiba iliyofungamanishwa na bima kidogo. Mwalimu anayelipa Sh3,000 kwa mwezi kwa miaka 12 atakuwa amelipa Sh432,000, na katika mikataba mingi ya aina hiyo kiasi cha bima hukaribia jumla ya kile atakacholipa. Kililinganishe na pengo la Sh1,837,000. Mwalimu huyo ana mkataba, ana risiti, ana amani moyoni, na bado zaidi ya robo tatu ya pengo liko wazi. Bima ya muda maalumu haina akiba ndani yake. Ukimaliza miaka uliyoandikiwa ukiwa hai, hupati kitu. Watu huiona hasara. Lakini kwa kuwa haina akiba, shilingi ile ile hununua kinga kubwa zaidi, hasa kwa kijana. Anayetaka vyote viwili na aweke akiba yake kwenye Sacco na kinga yake kwenye bima ya muda, na ajue kipi ni kipi. Na kwa bima za maisha na za elimu zinazotimiza masharti, sheria ya kodi humrudishia mlipaji asilimia 15 ya anacholipa, mradi nafuu hiyo isizidi Sh60,000 kwa mwaka.

Wapo watakaosema kwamba kampuni za bima si za kuaminika. Hawakosi sababu. Kampuni ya Serikali, Kenya National Assurance, ilianguka mwaka 1996 na kuwaacha wengi wakihangaika na hati zao. Mambo kadhaa yamefanywa tangu hapo: ipo Mamlaka ya kusimamia bima iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ipo hazina ya kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika, ingawa fidia yake ina kikomo, na ipo Mamlaka inayohifadhi mali za fedha zisizodaiwa, zikiwemo fedha za bima ambazo wenyewe hawakujitokeza. Kuwako kwa Mamlaka hii ya mwisho ni ushahidi kwamba watu hufa bila kuwaambia jamaa zao kwamba kuna mkataba. Hati iliyofichwa chini ya sanduku ni sawa na isiyokuwako. Mwenzio na ajue iko wapi. Na unapoijaza fomu, usifiche ugonjwa wala kazi hatari unayoifanya, kwa sababu uongo huo haugunduliki siku ya kulipa ada. Hugunduliwa siku ya kudai.

Nina ombi kwa walimu wa hisabati. Hesabu niliyoifanya hapa haina chochote kigumu kuliko kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Yaweza kufundishwa darasani kwa familia ya kuwazia, kila mwanafunzi akijaza mafungu yake: maziko, deni, riziki, wazee, karo, kisha vilivyopo, kisha pengo. Kijana atakayehitimu akiijua hesabu hiyo hatamkimbia wakala wala hatadanganywa naye. Atamwuliza swali moja la haki: "Mkataba huu unaziba kiasi gani cha pengo langu?"

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mwalimu na achukue karatasi jioni ya leo, aketi na mwenziwe, waandike. Wakikuta kwamba pengo ni dogo kuliko walivyodhani, watalala kwa amani iliyo na msingi. Wakikuta ni kubwa, afadhali walijue sasa, angali hai mwenye kuliziba.